Shanyao: mwongozo kamili wa kuchagua, kumenya, kupika, kukausha na kupanda kiazi kikuu cha Kichina

Wengi wetu tuliokaa Guangzhou kwa biashara tulikijua kwa macho kabla ya kukijua kwa jina. Ni fimbo ndefu za rangi ya udongo, nene kama mpini wa jembe, zimejaa vinyweleo, zimelazwa sokoni kando ya tangawizi. Wachina wengi wanakiita shanyao, maana yake dawa ya mlimani. Upande wa Guangdong, mkoa ulimo mji wa Guangzhou, utasikia zaidi jina la huaishan.

Mimi nilikipita miaka miwili bila kukigusa. Kisha nikaugua tumbo, chakula kikawa hakikai, na mama mwenye nyumba akapanda ngazi na bakuli la uji wa mchele wenye vipande vyeupe vilaini. Nikala, kikakaa. Nilipomuuliza ni dawa gani, alishangaa swali lenyewe. Kwake kilikuwa chakula cha mtu anayetoka kwenye ugonjwa, kama sisi tunavyompikia mgonjwa ubwabwa. Kitu hiki ukitaka faida yake, kishike kama mpishi kwanza, ndipo usikilize wanayosema waganga. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia sokoni na jikoni.

Ni kiazi gani hasa

Kitaalamu ni Dioscorea polystachya, ndugu wa damu wa kiazi kikuu chetu cha Pemba na Unguja, ambacho ni Dioscorea alata. Vitabu vya zamani vimekiandika Dioscorea batatas au Dioscorea opposita. Ukikuta majina hayo kwenye pakiti, kwa kawaida ni mmea huohuo. Shina lake jembamba hujizungusha kwenye mti au kamba na kupanda juu, majani yake yana umbo la moyo, na kwapani mwa majani huota vijiazi vidogo kama njegere. Chini ya ardhi kiazi hushuka wima, hata kufika mita moja. Tofauti kubwa na chetu ni baridi: shina la shanyao hufa majira ya baridi, kiazi kikabaki salama ardhini, na mwaka unaofuata kinachipua tena.

Jina lenyewe lina kisa. Zamani Wachina walikiita shuyu. Mfalme Daizong wa nasaba ya Tang, aliyetawala kuanzia 762 hadi 779, jina lake binafsi lilikuwa Li Yu, na ilikuwa mwiko kulitamka jina la mfalme. Basi "yu" ikaondolewa, kiazi kikawa shuyao. Baadaye, chini ya nasaba ya Song, akatawala Yingzong (1063 hadi 1067) ambaye jina lake lilikuwa Zhao Shu. Na "shu" nayo ikaondoka. Ndivyo tulivyopata shanyao.

Wajapani wana aina yao ndefu wanayoiita nagaimo, inayolimwa zaidi Aomori na Hokkaido. Wakorea wanakiita ma, na mji wa Andong unajulikana kwa kilimo chake. Wakorea pia wana hekaya ya mfalme Mu wa Baekje, ufalme wa kale wa Korea, kwamba kabla ya ufalme alikuwa kijana maskini mchimba viazi hivi, akiwagawia watoto wa mji ili waimbe wimbo alioutunga kuhusu binti mfalme aliyempenda. Akamwoa.

Kuchagua sokoni

Amua kwanza unataka kupika nini, kwa sababu shanyao si moja. Inayosifiwa kuliko zote inatoka Jiaozuo, mkoa wa Henan, hasa wilaya ya Wen, karibu na Mto Njano. Wanaiita tiegun, fimbo ya chuma. Ni nyembamba, ngumu, nzito mkononi, na ganda lake lina madoa ya rangi ya kutu. Ikiiva hulainika na kuwa na unga mdomoni, kama kiazi kikuu kizuri. Hiyo ni ya uji, supu na kupika kwa mvuke. Ile nene, nyororo na yenye maji mengi ni ya mboga; ikikaangwa haraka inabaki na mkwaruzo mtamu wa meno. Ukiitia ya mboga kwenye uji utaona haina ladha, na ukiikaanga tiegun itakuvunjikia kwenye kikaango.

Pima uzito mkononi: fimbo mbili zinazolingana unene, chukua iliyo nzito. Tazama mahali ilipokatwa. Pawe peupe, pasiwe na mduara wa kahawia. Bonyeza urefu wote kwa dole gumba, na penye ulaini ujue kuoza kumeanza ndani. Vinyweleo vilivyobaki na udongo kidogo ni dalili nzuri, maana iliyooshwa ikang'arishwa haidumu.

Kusini mwa China baadhi ya huaishan mbichi sokoni ni ya spishi nyingine za jamii hiyohiyo. Zinalika vizuri zikipikwa, lakini usizitarajie ziwe na unga wa tiegun. Na ile ya zambarau wanayoiuza kama "shanyao ya zambarau" mara nyingi ni Dioscorea alata. Ni kiazi kikuu chetu, kimekutana nasi ugenini.

Nyumbani, fimbo nzima izungushie gazeti na uiweke penye ubaridi, ukavu na giza. Itakaa wiki kadhaa. Ikishakatwa, funika jeraha lake na uiweke kwenye friji, uimalize ndani ya siku chache.

Kumenya bila kuwashwa

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Chini ya ganda kuna ute, na ndani yake vijisindano vidogo mno vya kalisiamu oksaleti vinavyochoma ngozi. Mara yangu ya kwanza nilimenya fimbo tatu kwa mikono mitupu, na kabla ya kumaliza ya tatu nilikuwa najikuna hadi kwenye viwiko. Nilikimbilia maji baridi na sabuni, muwasho ukabaki palepale. Aliyenisaidia ni yule mama: alinimiminia siki mikononi, nikasugua dakika mbili tatu, nikasuuza kwa maji ya moto kadiri nilivyoweza kuvumilia, kisha nikakausha mikono karibu na moto wa jiko. Muwasho ukapungua taratibu.

Sasa nafanya hivi. Naandaa kwanza bakuli la maji yenye vijiko viwili vya siki, kabla ya kisu. Navaa glavu, nasugua udongo kwa brashi ganda likiwa zima, na vinyweleo nikivichoma kidogo juu ya moto vinaondoka. Kisha namenya nikiwa nimeshika upande ambao haujamenywa, kwa sababu iliyomenywa inateleza kama samaki. Kila kipande kikikatwa kinaingia kwenye maji ya siki papo hapo. Kikikaa hewani kinageuka kahawia. Kwa mtu mwenye ngozi nyepesi ipo njia rahisi zaidi: kata fimbo vipande virefu na ganda lake, vichemshe dakika tano, vipoze, ndipo umenye. Joto hupunguza nguvu ya muwasho na ganda huvuka lenyewe.

Usijishike macho. Na ubao wa kukatia uoshe kwa siki kabla ya mwingine kuugusa.

Uji wa mgonjwa

Chukua kikombe kimoja cha mchele, uoshe, utie kwenye sufuria na vikombe kumi vya maji. Ukichemka, punguza moto hadi uji utoe mapovu madogo ya polepole, uache nusu saa huku ukikoroga chini mara kwa mara. Hapo tia tiegun gramu 250, iliyokatwa vipande vya unene wa kidole. Ukipenda tia na kunazi kavu nyekundu za Kichina sita au saba, zilizotolewa kokwa. Baada ya dakika 25 hivi ncha za vipande zitaanza kumeguka na uji utakuwa mzito wenye kung'aa. Ponda vipande viwili vitatu kwa mgongo wa upawa viyeyuke ndani. Chumvi chembe. Kwa mtu ambaye hajala siku mbili, anza na nusu kikombe cha chai, ukiwa vuguvugu.

Supu

Guangdong supu hii huwa ya mbavu za nguruwe. Sisi tuliipika kwa kuku wa kienyeji au mbavu za mbuzi kutoka kwa wachinjaji wa Kihui, Wachina Waislamu, na sioni kilichopungua. Nyama ichemshwe kwanza dakika tatu, maji hayo yamwagwe. Anza upya na maji safi, tangawizi iliyopondwa na nyama, moto mdogo, saa moja kwa kuku na zaidi kwa mbuzi. Shanyao iingie dakika 30 za mwisho tu. Ikiingia mapema inayeyuka yote na supu inakuwa kama gundi. Chumvi mwishoni kabisa.

Kukaanga

Chukua ile ya mboga. Kata vipande vyembamba vya mshazari, vitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, vitoe, suuza kwa maji baridi. Kaanga kitunguu saumu, tia uyoga mweusi uliolowekwa na karoti, kisha shanyao, moto mkali dakika mbili. Chumvi na matone ya siki. Basi.

Kibichi, kwa namna ya Kijapani

Karibu kila kiazi cha jamii hii lazima kipikwe, lakini nagaimo huliwa kibichi. Wajapani hukikuna kwenye kikunio chembamba, au hukisaga taratibu kwenye kinu cha udongo chenye mikwaruzo ndani, hadi kiwe kama povu zito linalovutika. Aliyelelewa na mlenda na bamia hatashangaa. Povu hilo, tororo, hulainishwa kwa mchuzi mwepesi wa samaki mkavu na mwani, likamwagwa juu ya wali uliochanganywa na shayiri. Mariko, kituo cha zamani cha wasafiri kwenye barabara ya Tokaido, kunajulikana kwa chakula hicho hadi leo, ingawa wao hupendelea jinenjo, ndugu yake wa porini.

Nasema hili kwa uzito wote: usijaribu ubichi huu kwa viazi vya kwetu. Kiazi kikuu kipikwe. Na ndiga, kile kiazi cha porini ambacho wazee walikila wakati wa njaa baada ya kukikatakata, kukiloweka na kukibadilishia maji siku kadhaa, kina sumu inayoua. Asiyejua anaweza kudanganyika. Kinacholiwa kibichi ni nagaimo uliyoinunua kwa jina lake dukani.

Kikavu: kukitambua na kukikausha

Kwenye maduka ya dawa za Kichina utakikuta kimekauka, vipande vyeupe kama chaki. Ukivunja kimoja kinakatika kwa mlio na kuacha unga kwenye vidole. Kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni salfa. Wengine hufukiza vipande kwa moshi wa salfa ili viwe vyeupe na visiliwe na wadudu. Fungua mfuko unuse: harufu ya kuchoma pua, au ladha ya uchachu ukikigusisha ulimi, ni salfa. Kilichokauka kwa jua huwa na umanjano kidogo wa maziwa, na harufu yake ni ya unga tu.

La pili litakushangaza. Muhogo mkavu huuzwa kama shanyao. Niliuziwa mimi, kilo nzima, na nilipofika nyumbani nikaona ninayemshika ni mtu ninayemjua tangu utotoni: makopa. Tafuta kile kiuzi kigumu katikati ya kipande. Muhogo unacho, au unaacha kitundu mahali kilipokuwa. Shanyao haina moyo kabisa, kipande ni cheupe sawasawa kutoka ukingoni hadi katikati. Tangu siku hiyo nainua kila kipande kwenye mwanga kabla ya kutoa pesa.

Kukausha mwenyewe ni rahisi. Menya, kata vipande vya milimita nne au tano, viloweke dakika kumi kwenye maji yenye chumvi kidogo, vichuje na vipanguse. Vitandaze kwenye ungo visigusane, ufunike kwa chandarua, jua kali siku mbili au tatu, ukigeuza mchana na kuviingiza ndani jioni kabla ya umande. Kama huna jua, oveni ya nyuzi 50 hadi 60 mlango ukiwa wazi kidogo, saa sita hadi nane. Viko tayari vikivunjika bila kupinda. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, au saga na uchekeche upate unga. Vijiko viwili vya unga huo vikikorogwa kwenye maji baridi na kupikwa kama uji vinatosha mtu mmoja.

Waganga wa Kichina pia hukaanga vipande vikavu pamoja na pumba za ngano hadi viwe na rangi ya dhahabu. Hivyo ndivyo wanavyovitumia kwa tumbo la kuharisha.

Kinavyotumika kama dawa

Shennong Bencao Jing, kitabu cha kale kabisa cha dawa cha Wachina kilichotufikia, kinakiweka kwenye daraja la juu, yaani dawa zinazoweza kuliwa muda mrefu bila madhara. Katika lugha ya waganga ni kitamu, si cha moto wala cha baridi, na kinakwenda kwenye wengu, mapafu na figo. Wengu kwao ndio mtambo wa kusaga chakula. Kwa hiyo hukipa watu waliodhoofika, wanaoharisha muda mrefu, wenye kikohozi kikavu, wanaokojoa mara kwa mara.

Peke yake hakisimami mara nyingi. Mganga wa watoto Qian Yi wa enzi ya Song, ambaye mafundisho yake yalitolewa kitabuni mwaka 1119, aliacha dawa ya vitu sita iitwayo liuwei dihuang, inayouzwa mpaka leo kama vidonge vyeusi vya duara. Uwiano wake wa asili ni sehemu 8 za mzizi wa dihuang uliopikwa, 4 za tunda la shanzhuyu, 4 za shanyao, na 3 za kila kimoja kati ya vitatu vilivyobaki. Zhang Xichun (1860 hadi 1933) alikwenda njia nyingine. Yeye alikithamini kiasi cha kuwapa wagonjwa uji wa unga wa shanyao kwa wingi, na hiyo ndiyo njia ninayoiamini kwa mtu wa nyumbani. Kipimo kwenye kitabu rasmi cha dawa cha China ni gramu 15 hadi 30 za kikavu kwa siku, kilichochemshwa.

Sasa tahadhari. Kiazi hiki ni wanga. Mwenye kisukari akiambiwa kinashusha sukari, akakila juu ya wali uleule, anajiumiza. Kihesabu kama sehemu ya wanga wa sahani, na dawa ya hospitali isiachwe. Waganga wenyewe hawampi mtu aliyefunga choo au aliyejaa tumbo. Aliyewashwa mdomo au kuvimba midomo baada ya kukila aache kabisa. Kuharisha kunakochanganyika na damu, au kwa mtoto mdogo, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Na dada zangu wanaouziwa krimu za "kiazi mwitu" kwa ajili ya homoni wanisikilize. Katika miaka ya 1940 mwanakemia Mmarekani Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na viazi vya porini vya Meksiko. Alifanya hivyo maabara, kwa kemikali. Mwili wetu hauwezi kuifanya kazi hiyo, iwe umekila kiazi au umekipaka.

Kupanda

Sehemu hii ni kwa walio kwenye nchi za baridi. Kwanza ujue sheria ya ulipo. Mashariki mwa Marekani mmea huu umetoroka bustanini na kuvamia kingo za mito, kwa sababu kila kijiazi kinachodondoka kinaota, huko usipande. Na usiweke kiazi kibichi kwenye begi ukirudi nyumbani. Waulize wakaguzi wa afya ya mimea: Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA.

Unaweza kuanza na vijiazi vya juu, lakini mwaka wa kwanza vinakupa mbegu ya unene wa kidole tu. Mavuno ya maana ni mwaka wa pili. Haraka zaidi ni kuchukua kichwa cha fimbo, sentimita 15 hadi 20 za juu, ukaache jeraha lake likauke siku kadhaa, au ulipake majivu. Panda masika, baridi ya barafu ikishapita, kwenye jua.

Shida yote iko kwenye kina. Wakulima wa Henan huchimba mifereji mirefu ya mita nzima, wakalainisha udongo na kuutoa kila jiwe, maana jiwe moja linaipasua fimbo miguu miwili. Nao hawarudii shamba lilelile mwaka unaofuata. Wajapani wamepata akili nyingine: huzika bomba lililopasuliwa, au bati la mawimbi, kwa mlalo wa kama nyuzi 15, wakapanda kwenye ncha ya juu. Kiazi hufuata njia iliyowekewa na siku ya kuvuna hakuna shimo refu la kuchimba. Kwa bustani ndogo nakushauri hiyo.

Weka fito za mita mbili kabla shina halijaota, lifike na kukuta pa kushika. Mwagilia kiangazi bila kutuamisha maji, kwa sababu yakituama kiazi huoza kuanzia nchani. Weka matandazo. Usikate majani hata mmea ukionekana umejaa mno.

Vuna majani yakishageuka manjano na kukauka, Oktoba au Novemba. Fukua pembeni kwa mikono, usivute. Fimbo hii ni ngumu sokoni lakini ikitoka ardhini inakatika kama chaki. Kabla ya kufukua, tandaza shuka chini ya fito na utikise shina. Vijiazi vitadondoka kama mvua ya mawe. Weka vikubwa kwa mbegu ndani ya mchanga mkavu. Vilivyobaki vioshe, usivimenye, uvitie kwenye mchele na chumvi kidogo, upike wali kama kawaida. Vinaiva pamoja nao, na ganda lake jembamba lina ladha ya njugu.